Lango Lililomkatalia Teta

Kila asubuhi Mukankusi alijitwika beseni la karoti na kabeji, akavuka mpaka kwa miguu kwenda kuuza Goma, ng'ambo ya pili. Njiani alimwacha mwanawe Nshuti, mwenye miaka mitatu, kwenye shule ya watoto wadogo pale mtaani Nengo. Aliichagua shule hiyo mwenyewe. Kuta zake zilichorwa twiga na samaki, na watoto wote walivaa sweta nyekundu. Jioni alimpitia tena, wakarudi nyumbani pamoja.

Dada yake Nshuti, Teta, alisoma zamu ya asubuhi tu. Tangu wahame kutoka Mudende hakuwa amepata rafiki hata mmoja. Mchana alikuta nyumba kimya. Alikula viazi vilivyopoa, akaosha sahani moja, kisha akakaa mlangoni kusikiliza pikipiki zikipita. Upweke ulimzidi hadi akaanza kuzungumza na sufuria, na sufuria haina maneno mengi.

Siku moja uvumilivu ulimwisha. Akaenda shuleni kwa Nshuti, akakuta lango wazi.

"Tantine, nakuya kutwaa Nshuti," alimwambia mlezi wa watoto.

Mlezi hakumuuliza hata jina. Alimletea mtoto, akarudi ndani.

Basi ikawa mazoea. Teta alimchukua Nshuti mchana, wakacheza na kucheka, kisha akamrudisha kabla mama hajafika. Nshuti alipoonekana kutaka kusimulia, Teta alimtia kipande cha muwa mdomoni. Alijua kwamba anamficha mama, lakini zile ndizo saa pekee alizokuwa na mtu.

Alasiri moja mvua ilikuwa ikinyesha. Mlezi alitoka na mtoto aliyelala, amefunikwa kitenge hadi kichwani.

"Mubebe tu, asiamuke," alisema, akamsaidia Teta kumfunga mgongoni.

Teta alitembea haraka. Alipofika kwenye kona alisikia mtoto akiamka na kuita, "Mama?" Sauti haikuwa ya Nshuti. Teta alimshusha, akafunua kitenge. Mtoto mgeni kabisa alimtazama, akampa mkono, tayari kwenda naye popote.

Teta alimbeba tena, akakimbia hadi shuleni. Lango lilikuwa wazi vilevile, wala hakuna aliyekuwa akimtafuta mtoto yule. Nshuti alikuwa amelala kwenye mkeka.

"Yoo! Pardon," mlezi alicheka, akimpokea mtoto. "Masweta yote iko moja!"

Teta hakucheka. Siku hiyo alimwacha Nshuti alale, akarudi nyumbani peke yake. Angenyamaza, mchana wake ungebaki na furaha. Angesema, mama angemhamisha Nshuti, naye angebaki tena na sufuria zake. Lakini kila alipofumba macho alimwona yule mtoto akimpa mkono.

Mama alipofika, Teta alimweleza yote, hata habari za muwa. Alilia sana.

"Kila siku ulikuwa unamutosha kule shuleni?" Mama aliuliza. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Nyumba inanyamaza sana, Mama."

Mukankusi alimvuta kifuani, naye machozi yakamtoka. Kesho yake hakwenda Goma. Alimweleza mkuu wa shule ile mambo yaliyotokea, akamchukua mwanawe, kisha akaanza kuzunguka mjini. Kila penye shule ya wadogo alisimama langoni na kusema kwamba ametumwa kuchukua mtoto. Mahali pamoja waliuliza, "Yupi?" Akaenda zake. Mwishowe alifika kwenye nyumba isiyo na picha hata moja ukutani. Mlinzi, mzee Gatete, alisimama katikati ya lango.

"Mama, mi sikujue. Mwenye alimuleta asubui ndiye anamutwaa. Bon, rudia kwenu."

"Muzee, asante sana!" alisema Mukankusi, akaingia kumwandikisha Nshuti.

Siku ya kwanza Teta alikwenda huko mchana. Gatete alimkatalia. Nshuti alimpungia mkono kutoka uani, naye Teta akageuka ukutani ili asionekane akilia.

"Na wewe walikukatala?" sauti iliuliza. Alikuwa msichana wa umri wake, ameketi juu ya jiwe, daftari magotini. "Mi ni Belyse. Mudogo wangu iko mule. Kila siku nangojea hapa."

Teta aliketi kando yake. Mama alipofika jioni, aliwakuta wawili hao wakirusha mawe na kudaka, wamesahau hata kufanya kazi za shule.

"Mama, mi ni dada yake, na walinikatala!" Teta alilalamika.

"Ni muzuri," alisema Mama. "Mi niliangalia twiga kwa ukuta, sikuangalia mulango. Sweta haichunge mutoto. Mulango yenye inakukatala weye, ndiyo itakatala na mutu mubaya. Na weye, ukiwa na uchungu, usinifiche. Ulirudisha mutoto wa wenyewe akalala kwao, na ulisema kweli."

Kisha akamshika Teta mkono, akampeleka kwa mzee Gatete ili mzee aujue uso wake, na siku nyingine amfungulie lango kwa ruhusa ya mama.