Katuni ya Wapenzi Wasiosema

Uvumi ulianza kwa mwosha nywele, ukapita kwa mwenye saluni, ukatua sikioni mwa Kibanio na kukataa kutoka: fundi wa friji anahama mji, na huko aendako kuna mwanamke. Kibanio alijaribu kuupuuza. Lakini uvumi ni kama unywele uliokatwa ukaingia ndani ya blauzi. Huuoni, ila unakuwasha kutwa nzima.

Kibanio ni jina alilopewa na fundi mwenyewe, kwa sababu kila akisuka huwa ameuma kibanio mdomoni. Walikutana Jumamosi, saluni imefurika, draya imezima huku kichwa cha mteja kiko ndani. Fundi akapanda ngazi na ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, bisibisi mfukoni. Kibanio alikuwa na gauni la maua ya njano, na simu yake imeegemea kopo la mafuta ya nywele, inaonyesha katuni ya Kijapani ya wanafunzi wawili wa sekondari wanaopendana.

"Samahani, dada," fundi akanong'ona. "Huyo mvulana bado hajasema tu?"

"Na wewe unaangalia?"

"Usinitangaze. Mafundi wenzangu wakijua, nimekwisha."

Basi ikawa hivyo. Jioni kila mmoja yuko kwao, simu iko hewani, wanafungua sehemu moja kwa wakati mmoja.

"Umebonyeza?"

"Nimebonyeza. Nyamaza sasa, mpenzi, nisije nikapitwa."

Lakini hawakuionja kwa ulimi mmoja.

"Picha naipa mia," fundi alisema. "Ile mvua, utadhani itakulowesha. Ila hawa watoto wananichosha. Kila mmoja akifungua mdomo aseme nakupenda, treni inapita."

"Ndiyo utamu wenyewe. Ukishaona masikio yake yamekuwa mekundu, maneno ya nini tena?"

"Nayataka. Mimi friji ikiharibika siangalii masikio yake, nasikiliza inasemaje."

Mama yake Kibanio alipita na beseni la nguo, akachungulia. "Hawa watoto hawana wazazi? Kila nyumba wamo peke yao. Nani atawaambia kitu?"

Wote wawili wakacheka, mmoja hapo, mwingine kwenye simu. Kicheko kikapita, lakini katuni ikabaki moyoni mwa binti. Mle ndani msichana akinuna, mvulana humfuata. Akikimbia, hukimbiliwa, hata mvua ikinyesha. Kibanio akaona hivyo ndivyo mapenzi yanavyopimwa.

Kwa hiyo uvumi ulipomfikia, hakuuliza. Alinuna. Fundi akipiga, simu inalia, yeye anaitazama tu. Akiulizwa kwa ujumbe kama ni mgonjwa, anajibu "hapana". Na kila usiku alilala na hamu ya ile sauti, akisubiri ifanye bidii zaidi.

Siku moja fundi akatokea saluni bila ovaroli. Shati jeupe la mistari myembamba, limepigwa pasi mpaka mikono.

"Karibu, fundi. Draya nzima."

"Sikuja kwa draya. Nimepata kazi mji mwingine, kwenye ghala la nyama. Wananitaka kesho."

"Nimesikia."

"Umesikia, na hukuniuliza?"

Vidole vya Kibanio vikaendelea kusuka. Neno lilikuwa limefika kooni. Akajiambia, kama ananipenda, atauliza tena.

"Una neno lolote kwangu, Kibanio?"

"Safari njema."

"Mwanangu, unanivuta," mteja akalalamika kitini. "Kichwa hiki si ulichogombana nacho."

Fundi akatikisa kichwa taratibu, akashuka. Kibanio akatega sikio, viatu vile virudi. Ngazi zikamletea mama mmoja aliyetaka kuoshwa nywele.

Nyumbani mama yake alimwona tu mlangoni, akajua.

"Umemwambia?"

"Nilingoja anifuate."

"Nani kakufundisha hivyo?"

Binti akaificha simu yenye katuni nyuma ya mgongo.

"Mpigie. Ingekuwa aibu inaua, mimi ningekuwa nimezikwa zamani."

Hakuthubutu mpaka asubuhi. Fundi alipopokea, nyuma yake ilisikika ngurumo ya basi.

"Usiseme kitu, nisije nikaishiwa nguvu," Kibanio akamwambia. "Nakupenda. Na huyo mwanamke wa huko simjui, lakini simtaki."

"Mwanamke gani?"

"Wa huko unakokwenda."

"Huko kuna nyama iliyoganda na kaka yangu. Mkataba nimeusaini jana, nilipotoka kwako. Nilipokuja saluni ulikuwa mfukoni, mweupe, haujatiwa saini. Ungeniambia baki, ningeuchana."

"Wa muda gani?"

"Miaka miwili, mpenzi."

Kibanio alitaka kulia, akahofia salio litaisha bure. "Niambie nisikungoje."

"Nitakuwa nadanganya. Ningoje. Ila usiningoje kimya. Nipigie, hata kunieleza umemsuka nani."

Mpaka leo Kibanio humpigia. Sehemu ya mwisho ya katuni hawajaiangalia. Fundi anasema ataiangalia akiwa amekaa ubavuni pake, naye hujibu sawa. Akishakata simu, hukaa na kitambaa cha kichwa mkononi, kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi.

Wanangu, wa kike na wa kiume, ya kuepuka ni haya:

Usinune ukitegemea kufuatwa.

Usiache simu ilie huku unaitazama.

Usiufanye uvumi shahidi. Muulize mwenyewe, yuko hai.

Katuni angalieni, ni nzuri, ile mvua inaliza hata watu wazima. Lakini usiifanye shangazi wa kukushauri.

Usimpime mtu kwa mtihani asioujua.

Usimwambie mtu safari njema kama hutaki aende.