Hori la Kuku la Kina Cumming

Saa kumi jioni, giza la Desemba la huku kaskazini limeshaingia, bibi akanipa ndoo.

"Dougal, kachote maji ya hori. Elspet, mtoto wa dada yako, anabatizwa kesho."

Nikachukua ndoo. Na nyundo.

Kina Cumming tumejaa bonde hili lote, na sababu yake inaniudhi mpaka leo. Zamani bwana wa ngome alitaka watu wengi wa kumpigania. Mwenye njaa alipewa unga, akachovywa kichwa kwenye hori la jiwe la kunyweshea kuku, akatoka anaitwa Cumming. Ndio mababu zetu hao. Kila mtoto wetu bado anaoshwa kwa maji yale, eti jina limkae. Na nikiingia baa, Rory ananiuliza, "We kuku, leo umetaga?"

Elspet hataitwa kuku. Niliapa.

Pale ngomeni hakuna kuku miaka mingi. Lakini nilipofika... harufu. Manyoya yaliyolowa. Kinyesi kibichi.

Kisha, ko... ko... ko...

Mwanamke alikuwa amekaa ukingoni mwa hori. Nywele zinachuruzika maji.

"Unaitwa nani, kijana?" akanong'ona.

"Cumming."

"Hilo mlipewa pamoja na unga. La kwenu ni lipi?"

Sikujua. Bibi hajui. Hakuna anayejua. Hasira ikanipanda mpaka meno yakauma.

"Wanangu walichovywa humu," akasema. "Tangu siku hiyo nawaita, hawaitiki."

"Toka hapo."

Akatoka, taratibu, kama aliyekuwa akingoja kuambiwa.

Nikapiga. Pigo la tatu, jiwe likapasuka. Maji yakanipitia miguuni.

Yalikuwa ya moto.

Nikainua macho. Hayupo. Nyayo zake tu kwenye theluji, zinateremka kuelekea kwetu.

Nilikimbia. Bibi akatazama ndoo tupu.

"Maji yako wapi?"

"Nimelivunja hori. Wakatafute kuku wengine wa kuwacheka."

Bibi akakaa chini polepole.

"Mjinga wewe. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yanatuziba masikio."

"Tusimsikie nani?"

Nje, karibu kabisa na mlango, sauti iliita jina ambalo sijawahi kulisikia.

Elspet, wa wiki tatu, akafumbua macho. Akageukia mlango. Akacheka.

Dada akamkumbatia kwa nguvu, akanigeukia anishike mkono. Lakini mimi nilishasimama, mkono uko kwenye komeo, na mdomo wangu ulishaitika...

"Naam, mama."