Picha Ambayo Mwenyewe Hakuiona

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, Mwalimu Tupokigwe alipofika kona ya shule pale Madale, alikuta banda la chipsi la Mama Hamida limelazwa chini. Mabati yamekunjwa, karai limebinuliwa, mafuta yameloweka mchanga. Viazi vilikuwa vimetapakaa hadi barabarani na bodaboda zilivikwepa.

Mama Hamida alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Halii. Mkononi ameshika kitochi chake, kile kisimu cha vitufe kilichofungwa mpira ili betri isidondoke, kama anayesubiri kipige kimweleze kulikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu, mie nimewakosea nini watu?"

Tupokigwe alijua. Tangu jana usiku picha ilikuwa inazunguka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mama Hamida ameinama, ameshika ndoo iliyojaa kuku waliokufa, shingo zinaning'inia. Chini yake maneno: "Huyu ndiye anayewalisha wanetu vibudu. Imepigwa leo Jumapili asubuhi bandani kwake. Tuma kwa wazazi wote."

Aliingiza mkono mkobani kutoa simu. Akayaona macho ya yule mama, mkono ukarudi mtupu. Moyo ulimkatalia. Amwonyeshe kitu kama kile, asubuhi yote hii, watu wanapita?

"Wamekuzushia, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Tutafuatilia."

Huruma ile ilikuja kumsumbua baadaye kuliko kosa lolote.

Mzee Augustine, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, alifika na kofia yake mkononi. "Mwalimu, nimeitisha mkutano saa kumi. Uwanjani kwa Bi Adelina kama kawaida, yeye ndiye mwenye viti. Wazazi wanataka huyu mama asirudi tena hapa. Mtaa mzima ukisema aondoke, mie nitafanyaje?"

"Kona hii ndiyo inayomsomesha binti yake Hija, mzee."

"Najua. Na wewe pia jiandae. Kuna wanaosema hiyo klabu yako ndiyo inawafundisha watoto kuchezea mapicha."

Tupokigwe alihisi masikio yakimwaka. Alikuwa mwalimu wa Uraia, mwaka wake wa pili kazini, mtu ambaye hata kwenye kikao cha walimu alinyoosha mkono nusu. Lakini klabu ilikuwa mtoto wake. Iliitwa Tuulize Kwanza, ya wanafunzi wanaochunguza picha na habari kabla ya kuziamini.

Saa nne, wakati wa mapumziko, wanachama walijazana maabara. Kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu, mwalimu aliirusha picha ukutani kwa projekta ya shule. Ubaoni kulikuwa na maswali yao matatu ya siku zote: Nani kaituma kwanza? Ni ya lini, ya wapi? Pembeni kuna nini?

Hija, binti wa Mama Hamida, alikaa mbele. Macho yamevimba, lakini kalamu iko mkononi.

"Unaweza kupumzika leo, Hija."

"Hapana, madam. Nataka nimjue aliyefanya hivi."

Macho ya darasa yalianza kumgeukia Praygod, kijana mrefu wa kidato cha tatu aliyeketi nyuma kimya. Kila mtu alijua kwamba Jumamosi alishindaga steshenari kwa mjomba wake, akibadilisha rangi za nyuma kwenye picha za pasipoti.

"Mbona mnanitazama hivyo?" Praygod alisema. "Mnadhani mie?"

"Wewe ndiye fundi," mtu alimchokoza. "Juzi umemvisha suti mzee mwenye kaptula!"

Walicheka, Praygod hakucheka. Alisogea ukutani akaifuata picha kwa kidole. "Kivuli cha mama na kivuli cha ndoo vinalala upande mmoja. Vidole vimeshika mpini kweli, manyoya yameziba kidole gumba. Madam, hii haijachezewa. Picha ni ya kweli."

Hija aliinua kichwa kama aliyechapwa. "Unamaanisha mama yangu...?"

"Nasema picha ni ya kweli. Sijasema maneno ni ya kweli!"

Maabara ililipuka. Kila mkono ukawa juu. Tupokigwe alisahau haya zake, akapiga meza: "Mmoja mmoja! Pembeni kuna nini?"

"Kuku ni wekundu, madam! Mama yake Hija anakaanga broila, na broila ni weupe. Hawa ni kuku wa mayai."

"Udongo ni mwekundu! Pale bandani ni mchanga mtupu."

"Na hapa chini, kwenye kona," alisema Hija, sauti imeanza kupata nguvu. "Kuna kitu cha bluu kina ukingo wa njano. Kama beseni. Sie hatuna beseni la hivyo."

Kwa hiyo haikupigwa bandani. Ilipigwa wapi, basi, na nani kaituma kwanza? Kwenye grupu la mtaa aliyeiweka alikuwa Gaudens, muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara. Hasimu wa biashara. Kengele ya mchana ilipolia, Tupokigwe alivuka barabara, Hija na Praygod nyuma yake.

"Karibu, sista mwalimu! Zege la mayai au kavu?" Gaudens alisema huku akigeuza chipsi mayai.

"Nimekuja kwa ajili ya picha, kaka Gaudens. Ulipiga wewe?"

"Mie? Hii simu yangu kamera imepasuka tangu Pasaka. Ona." Kioo cha kamera kilikuwa na ufa kama utando wa buibui. "Mie nilitumiwa, nikasambaza. Si ndivyo tunavyofanyaga?"

"Alikutumia nani?"

"Namba ngeni. Nimeshafuta, simu imejaa." Alimtazama Hija, mwiko ukasimama. "Mdogo wangu, mie na mama yako tunataniana tu kuhusu wateja. Banda sijagusa. Asubuhi nilipoona, nilizima jiko nusu saa. Nilijisikia vibaya."

Mafuta mapya yalikuwa yanachemka, na wateja wa Mama Hamida walikuwa wamejipanga pale. Sababu anayo. Lakini kamera ile isingeweza kupiga picha safi vile. Uzi ukakatika.

Walirudi wakiburuta miguu. Hapo ndipo Tupokigwe aliposimama katikati ya kivuko, bodaboda ikampigia honi.

"Hija, mama yako alisemaje kuhusu hawa kuku?"

"Sijui, madam. Sijamwonyesha. Nilimwonea aibu." Hija alisita. "Si wewe ulimwonyesha?"

Tupokigwe alijishika kichwa. Mtaa mzima ulikuwa umeiona picha. Waliobomoa walikuwa wameiona. Waliomtukana walikuwa wameiona. Mwenye kitochi, aliyemo ndani ya picha, hakuwa ameiona, na waliomhurumia walikuwa wamemficha kwa heshima. Shahidi wa kwanza alikuwepo tangu asubuhi, na hakuna aliyemuuliza!

"Mpigie!"

Kitochi kilikuwa kimezima. Jirani akasema Mama Hamida amekwenda kujificha kwa dada yake Gongo la Mboto. Dada alipopatikana alisema ameshaondoka, yuko njiani, kaapa hatafukuzwa akiwa hayupo.

Saa kumi, uwanja wa Bi Adelina ulifurika. Bi Adelina, mama wa makamo mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyekuwa admini wa grupu la mtaa. Alisimama mbele.

"Jamani, mimi sina chuki na mtu. Lakini afya za watoto! Picha mmeiona wenyewe."

"Tumeona!"

"Aondoke!"

"Hata sie juzi tuliumwa matumbo!"

Mama Hamida aliingia getini, viatu vimejaa vumbi. Makelele yalizidi. Tupokigwe alisimama.

"Samahani, mwenyekiti. Swali moja tu."

"Sema, mwalimu. Kwa sauti."

Alimwendea Mama Hamida, akamkabidhi simu yake. "Mama, umeshawahi kuiona picha hii?"

"Picha ipi, mwanangu?"

Uwanja ulitulia taratibu. Watu walitazamana. Mama Hamida aliisogeza simu mbali na macho, akakunja uso, kisha, mbele ya wote waliotaka kumfukuza, akatabasamu kidogo.

"Hee! Hii si siku ile ya ugonjwa wa kideri? Kuku wote walikwisha, mie nikaja na jembe tukawazika kwa..."

Aliinua macho. Yakakutana na ya mtu fulani mbele. Akafunga mdomo.

"Kwa nani, mama?" aliuliza mwenyekiti.

"Nimesahau, mzee."

Hakuwa amesahau. Tupokigwe aliyafuata macho yake, kisha akashuka nayo chini, hadi pembeni. Kando ya ukuta, juu ya udongo mwekundu, yalipangwa matairi yaliyokatwa na kupandwa maua. Yamepakwa rangi ya bluu. Kingo zake ni za njano.

"Madam!" Praygod alinong'ona, akiruka kama mwenye siafu. "Beseni letu!"

"Bi Adelina," Tupokigwe alisema kwa sauti iliyomfikia kila mtu. "Banda lako la kuku lile pale ni tupu. Kuku wako wa mayai waliisha lini?"

"Muda... mwezi wa pili. Kwani nini?"

"Picha hii imepigwa hapa ulipo. Tairi lako liko kwenye kona. Mama Hamida hakuwa anauza vibudu. Alikuwa anakusaidia kuvizika."

Wazazi waliinuka, simu ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiangalia picha, kisha tairi. Bi Adelina alikaa chini taratibu.

"Niliipiga nimtumie bwana mifugo," alisema hatimaye. "Ili aone ugonjwa. Jana nikamtumia Gaudens kwa laini yangu nyingine."

"Dada," alisema Mama Hamida, "nilikukosea nini?"

"Wewe hukunikosea. Huyo!" Kidole kilimwelekea Hija. "Niliposambaza picha ya kimbunga kwamba kinakuja, shule zifungwe, nilikuwa naogopea watoto. Akaandika kwenye grupu, kwa simu ya mwalimu wake, mbele ya mtaa mzima kwamba picha ni ya nchi nyingine kwa sababu magari yanapita kulia. Sawa, nilikosea. Lakini tangu siku ile mimi ni Bi Kimbunga! Sokoni Bi Kimbunga. Kwenye kwaya Bi Kimbunga. Mwalimu mwenyewe alisimama akampigia makofi. Nikasema na wao waonje kuchekwa. Banda sikujua watavunja. Haki ya Mungu sikujua."

Alilia kwa kwikwi. Tupokigwe alikumbuka makofi yale. Alikuwa amefurahi mno, hata hakuona nani ameumia.

Nyuma, Gaudens alikuwa ameinua simu. Kamera iliyopasuka, lakini sauti inarekodi.

"Braza," alisema Hija, "shusha simu."

"Lakini si ndiyo ukweli wenyewe?"

"Shusha. Hujamuuliza."

Gaudens akashusha. Hija akasogea mbele, akapiga goti kidogo kama binti aliyelelewa. "Shikamoo, mama. Kuhusu kimbunga nilisema kweli, na nitasema tena. Lakini lile jina nililianzisha mie darasani. Naomba unisamehe."

Bi Adelina alimshika mkono. Akaushikilia.

Mzee Augustine alivaa kofia yake. "Banda litasimamishwa kesho, na waliovunja ndio watakaoshika nyundo, nawajua wote. Na wewe, Adelina, uongo umekwenda kila simu. Utaurudishaje?"

Bi Adelina alifuta uso kwa upande wa kitenge. Akachukua simu yake, akaisogeza mdomoni kurekodi.

"Mimi ni Adelina, ninayekaa hapa Madale karibu na shule," alianza kwa sauti yake ya kwaya. "Picha ya Mama Hamida niliipiga mimi, hapa kwangu. Maneno niliyatunga mimi, na si kweli. Kuku walikuwa wangu. Yeye alinisaidia."

Akabonyeza, ujumbe ukaenda kwenye grupu. Simu ziliita uwanja mzima, moja baada ya nyingine. Kitochi cha Mama Hamida tu ndicho kilichonyamaza.

Gaudens alikuna kichwa. "Sista mwalimu, samahani. Hii ninayo hapa, ametuma mwenyewe, ametaja jina, yuko mbele yangu. Niisambaze?"

Tupokigwe aliwageukia vijana wake, uso umemchangamka kama mtoto siku ya sikukuu.

"Klabu?"

"Sambaza!"