Pasi Kwenye Waya wa Taa

Tsss… tsss…

Niliusikia mlio huo kabla sijaona kitu. Nilikuwa juu ya dari, nyumba moja ya mtaa wa Area 47 mjini, nimelala kifudifudi kwenye mbao gizani. Niliitwa kuangalia taa zinazofifia.

Halafu harufu ya plastiki inayoungua…

Nikapaza sauti wazime umeme. Mlio ukakatika. Nikasikia mwingine: ngazi inaburutwa.

Wasomaji wangu, aliyeichukua ni Cyrille, fundi mwenzangu. Tumekula nsima, ugali wa huku, sahani moja tangu kambi ya wakimbizi ya Dzaleka!

Chini akamweleza mama mwenye nyumba kwamba mimi ndiye niliyeweka waya mwembamba kwenye taa. Mama akasema anaita polisi. Mkimbizi bila kibali cha kazi mjini… mnajua anakoishia.

"Cyrille, rudisha ngazi."

"Tulia huko, kaka. Si we njo unajuaka yote?"

Nikawasha tochi ya simu. Waya wa taa niliouvuta mwenyewe, kipimo 1.5, ulikuwa mzima, na niliuwekea breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea sita. Lakini katikati mtu ameuchuna, akaunga kiwaya laini kama cha redio. Kimeyeyuka chote. Kinaelekea chumba cha uani.

Chumba cha uani amekipanga Jeannette, dada yangu mkubwa, anashonea humo.

Kambini tumezoea hivyo: mtu anavuta umeme wa pasi kwenye taa, breka ikianguka na kukata umeme anatafuta kubwa zaidi.

Nikisema, Jeannette anafukuzwa na cherehani yake. Nikinyamaza, gari la polisi ni langu. Na ngazi hakuna!

Nikanyamaza.

Ndipo sauti ya Jeannette ikatoka uani.

"Mama, ni mi. Nilimuomba Cyrille anivutie waya ya pasi. Alisema breka ndogo inasumbua, akatia ya ishirini."

Nikasikia Cyrille akirudisha ngazi.

Mama akaacha habari za polisi, akaniuliza mimi, siyo Cyrille, kama nyumba bado ni salama. Nikamjibu itakuwa salama nikikiondoa kiwaya na kurudisha breka ndogo, akakubali.

Ndugu zangu, taa ni waya wa 1.5 na breka ndogo. Pasi ipewe njia yake, 2.5. Breka ikianguka inakuonya, usiizibe mdomo.

Nilisogeza uso kwenye tundu la taa. Jeannette alikuwa analia.

"Yaya, dada yangu, nyamaza. Leo leo nitakuvutia waya wako, toka kwenye breka yake mpaka kwenye pasi. Hautafukuzwa, na hapa hapataungua."