Msomaji wa Rafu ya Kifua

Mkutubi mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kuvaa tai hata akienda kununua mkate, na hakuwa amesoma kitabu kizima tangu apate shahada. Sasa alikuwa akiandika utafiti wa kuthibitisha kwamba vitabu vya magonjwa ya kifua havina msomaji, ili vifutwe kwenye bajeti na yeye apewe uprofesa. Kanuni yake ilikuwa hii: kitabu kilichoachwa mezani kimesomwa, kilichobaki rafuni ni takataka.

Basi kila aliporudi kutoka chakula cha mchana na kufungua kufuli la maktaba kwa mkono wake mwenyewe, alivikuta vitabu vya kifua vimejaa mezani, viko wazi, pembe za kurasa zimelowa mate. Chumba kizima kilinuka kafuri. Mtu mwenye haya angeandika alichokiona. Yeye alivirudisha rafuni harakaharaka, akaandika kwamba hakuna aliyesoma.

Siku moja msaidizi wake, mama mtu mzima, alimfuata ofisini na kufunga mlango taratibu.

"Bosi, leo mchana nilibaki ndani. Nikasikia mtu anakohoa kule nyuma. Halafu analamba kidole, anafunua karatasi. Nikachungulia. Kiti kitupu, karatasi zinafunuka zenyewe."

"Upepo."

"Upepo unalamba kidole?" Akazidi kushusha sauti. "Ni jini, bosi. Tena mgonjwa, anatafuta dawa. Nakuomba, mwachie vitabu vyake."

Mkutubi alicheka mpaka tai ikakaa upande. "Jini anaumwa kifua! Na jini mjamzito naye tumwekee rafu ya uzazi? Mama, nenda kapumzike. Vitabu naviuza kwa kilo leo hii. Huyo mgonjwa wako mwambie akatafute kwingine."

"Usiseme hivyo," alinong'ona yule mama, macho yake yameganda nyuma ya kiti cha bosi. "Yupo hapa. Anakusikia."

Vitabu viliondoka kwa mkokoteni. Kesho yake, saa ya chakula, mkutubi alijifungia ofisini aandike hitimisho, akijiona profesa tayari, na ndipo kikohozi kilipoanza kule kwenye rafu tupu, kikavu, cha mtu aliyechoka, kikasogea polepole katikati ya makabati, kikapita meza ya kusomea, kikapita mlango uliofungwa kwa ufunguo, mpaka kafuri ikamjaa puani na kooni, na yeye, bingwa wa kuwacheka wenzake, akabaki na kalamu mkononi, suruali inalowa, akisikia nyuma ya sikio lake ulimi unalamba kidole bila haraka yoyote, kisha kidole chenyewe, kibichi kwa mate, kinamshuka shingoni, kinaingia ndani ya shati, kinapapasa ubavu wa kwanza na kuuinua kama pembe ya ukurasa.

Alikimbilia nyumbani bila tai. Mkewe akamvua shati, akakuta kifua kizima kimelowa mate.

"Baba watoto, umepatwa na nini?"

"Upepo tu," alijibu kwa kiburi kilekile, akakohoa.

Mkewe akamwekea sikio kifuani. Alisikia moyo unakwenda mbio, na nyuma ya moyo mtu analamba kidole, anafunua ukurasa.