Waya wa Marehemu Juu ya Paa

"Mama, hayo mawe yanaishika paneli, au paneli ndiyo inayoyashika mawe?"

Ndivyo jirani yangu, fundi wa sola, alivyoniuliza asubuhi moja. Mimi nilikuwa naanika nguo. Yeye alisimama na mfuko wa vifaa begani, akitazama paa langu.

"Yamekaa miaka mitatu, mwanangu," nilimjibu. "Aliyeyaweka alijua anachofanya."

Aliyeyaweka ni mume wangu, Mungu amrehemu. Alininunulia paneli ile nipate taa ya kusomea kitabu cha sala. Aliiweka juu ya bati, akaifunga kwa waya kwenye misumari, akapanga mawe manne. Nyuma aliiinua kwa kipande cha mti ili iangalie jua. Mwaka huohuo akafariki. Ncha ya waya aliizungusha mara tatu, kama alivyofunga kila kitu, hata gunia la mkaa. Mikono ile siioni tena. Fundo lake nilikuwa naliona kila siku.

Fundi aliegemeza ngazi, akapanda, akaigusa paneli. Ikalia kwa-kwa-kwa.

"Unasikia inavyocheza? Upepo unaingia hapa chini, unaiinua kama mfuniko wa sufuria. Waya umeshika kutu. Na jiwe likiteleza litamwangukia nani? Wewe hapo."

Nilisogea hatua mbili. Akacheka.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, anakaa nyumba ya nyuma. Alikuja mbio.

"Acha kazi ya mdogo wangu! Mafundi wa siku hizi mna skrubu nyingi vichwani kuliko mfukoni."

"Na paneli yako umeifunga vipi, mzee?"

"Hivyohivyo. Alinifungia yeye."

Nikamwambia fundi ashuke.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, upepo ukavuma. Nilikuwa nimeingia ndani kufuata vibanio vya nguo. Nikasikia kishindo. Kutoka nje, jiwe limetoboa beseni langu la kufulia, na paneli inaning'inia kwa waya mmoja. Nilimshukuru Mungu.

Upepo ulipotulia nilimwita fundi. "Njoo uifunge vizuri. Ila huo waya usiukate. Ufungue."

Aliufungua taratibu, mzunguko mmoja mmoja, akaniwekea mkononi. Ulikuwa na joto la jua. Nikakunja vidole juu yake.

Kisha akaanza kazi. Alikagua kwanza mbao za paa kama hazijaliwa na mchwa. Akakaza reli mbili za alumini kwenye mbao hizo, siyo kwenye bati peke yake. Kila skrubu aliivalisha mpira ili mvua isipenye. Paneli akaibana kwenye reli kwa vibano vinne vya chuma, mbali na ukingo wa paa.

"Ukingoni ndiko upepo unakopiga zaidi," alisema. "Na ilale kama paa linavyolala. Usiitegee mti tena. Chini nimeacha nafasi ndogo tu ipate kupoa."

"Upepo si utaingia tena?"

"Utaingia, utapita. Hautaikuta imeinua kichwa, na reli zimeshika mbao. Ila kabla ya kila msimu wa upepo niite nikague vibano. Usipande mwenyewe, Mama."

"Nipande na magoti haya?"

Mwezi uliofuata ukaja upepo mkali kuliko ule. Uliangusha uzio wangu wote. Paneli haikutikisika. Upepo ulipokatika, jioni ileile niliwasha taa, nikasoma sala ya shukrani.

Shemeji aliingia nikiwa bado nasoma. Aliitazama taa. Kisha akauona waya wa marehemu, nimeutundika kwenye msumari kando ya mlango, ule mzunguko wa mara tatu ungali umejikunja.

"Hukuutupa," alisema.

"Nitautupaje, shemeji? Hapa ndani naugusa kila nikitoka. Kule juu nilikuwa nautazama tu."

Aliushika ncha kwa vidole viwili. Machozi yakamlengalenga.

"Na wangu," akaniuliza polepole, "fundi atakubali kuufungua bila kuukata?"

"Atakubali."

Akavaa kofia yake, akatoka, akaelekea kwa fundi.