Shemeji Aliziba Masikio ya Simu Yangu

"Mama yako amekukataa, Irène. Usikanyage Bujumbura!"

Wanangu... hayo ndiyo maneno ya kwanza yaliyotoka kwenye simu yangu baada ya miezi ya ukimya.

Na sauti haikuwa ya binti yangu Irène.

Ilikuwa ya Rénovat! Shemeji yangu! Mdogo wake marehemu mume wangu, mtu aliyekula mezani kwangu Jumapili iliyopita na kuomba aongezewe mchuzi!

Nilikuwa kwenye kibanda cha Fatouma, fundi wa simu pale soko la Kinama. Alikuwa amenipisha kwenye kiti chake, yeye akasimama. Aliposikia ile sauti, akanyoosha mkono akazima redio ya jirani bila kuomba ruhusa.

"Mama Irène, ni nani huyo?"

Nikaisogeza simu sikioni nisikie tena.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo.

Mume wangu Herménégilde alifariki mwaka jana. Aliniachia nyumba yetu ya mtaa wa Carama, hapa Bujumbura, migomba nyuma ya nyumba, na mtoto mmoja tu, Irène, anayeishi Lusaka na mumewe. Mazishi hakuwahi. Alikuwa amejifungua wiki ileile.

Mimi kusoma najua, ila polepole. Kwa hiyo Irène alikuwa ananitumia odio, ujumbe wa sauti, kila asubuhi.

"Mama, umeamkaje? Magoti je?"

Hiyo ndiyo ilikuwa chai yangu.

Basi siku moja umeme ukakatika Carama. Rénovat akasema nimpe simu akaichaji kwake Buterere. Ikarudi imejaa chaji...

...na imekufa sauti!

Juu ya kioo kulikuwa na kijipicha cha écouteurs, zile nyaya za masikioni. Waya wenyewe haupo! Nikibonyeza odio, kimya. Irène akipiga, simsikii wala hanisikii. Napiga kelele "Allo! Allo!" mpaka mbuzi wa jirani wananigeukia.

"Simu imezeeka, shemeji," Rénovat akaniambia. "Lakini écouteurs zangu zisizo na waya zinashika. Mi nitakuwa nakusikilizia."

Nikamshukuru! Nikamkaangia ndagala, wale dagaa wa ziwa letu!

Kila Jumapili alikuja, akaweka vidude vyake masikioni, akasikiliza huku anatafuna chingamu ya mnanaa. Tangu aache sigara hakosi chingamu. Ile karatasi yake inayong'aa anaiviringisha kwa vidole mpaka inakuwa kidonge, anakiacha mezani. Mimi nafagia.

Akimaliza, anatoka nje na simu kusaka mtandao. "Natafuta réseau nimjibu."

Narudia kumuuliza: "Irène anasemaje?"

"Ana kazi nyingi."

"Atakuja kwenye kuganduka?"

Kuganduka, kwa ninyi msio wa huku, ni siku ya kumaliza matanga. Ukoo na majirani wanakusanyika, na msemaji wa familia anasimama kutangaza nani anabaki na nini. Neno likishatamkwa mbele ya watu na watu wakalinywea pombe kulithibitisha, kulirudisha ni vita.

Rénovat akavuta pumzi kama mtu mwenye huruma.

"Shemeji, usilie. Amesema haji. Amesema parsele, kiwanja na nyumba yake, niichukue mi, sababu yeye ni mutoto wa kike, ameshaolewa. We utahamia kwangu Buterere, kile chumba cha nyuma."

Kile chumba cha nyuma! Mvua ikinyesha, vyura wanaimba chini ya kitanda!

"Basi nimpigie kwa simu ya jirani."

"Apana! Amesema usimusumbue. Anataka akusahau kidogo."

Sikupiga. Mama akikataliwa na mtoto wake, ataenda kutangaza kwa jirani? Nililia na mto wangu, mto ukanyamaza na mimi.

Lakini kuna mtu mmoja... nitamtaja mwishoni... alinishika mkono pale kanisani, akaninong'oneza:

"Mama, peleka simu kwa Fatouma, soko la Kinama. Mwambie aangalie ndani ya tundu la écouteurs. Na usiseme nani kakuambia!"

Ndiyo nikaenda.

Fatouma hakunicheka. Akavua kava ya simu. Akachomeka waya wa écouteurs, ukakwama kabla ya kufika mwisho. Akazima simu, akaiwasha, kijipicha kikawa palepale. Akamulika tochi ndani ya tundu.

"Kuna kitu kinang'aa humu."

Akaizima tena. Akachukua sindano nyembamba, akavuta taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Kikatoka kidonge cha karatasi.

"Hii inagusanisha vyuma vya ndani," akasema. "Simu inadhani kuna waya, inapeleka sauti yote huko. Na haikuingia yenyewe, mama. Imeshindiliwa."

Nikainusa.

Mnanaa!!!

"Fungua odio zote, mwanangu. Zote!"

Ndipo nikasikia yale niliyowaambia mwanzo. Rénovat alikuwa anatuma odio kwa simu yangu mwenyewe! Hakufuta hata moja. Afute ya nini? Simu ni kiziwi, na mwenye simu ni mjinga.

"Mama yako amekukataa, Irène. Usikanyage Bujumbura! Ana hasira hukuja mazishi. Ukija kwenye kuganduka atakulaani mbele ya watu. Neno la familia niachie mi."

Na katikati ya odio zake, binti yangu analia:

"Mama, nimekosa nini? Hata mjukuu wako hutaki kumsikia?"

Fatouma akaniletea maji. Kabla ya kunipa glasi, aliifuta kwanza kwa kitenge chake. Sitasahau.

Nikampigia Irène palepale.

"Mama?... Ni we kweli?"

"Ni mimi. Sikukukataa hata siku moja."

Tulilia mpaka mteja aliyekuwa nyuma yangu akaondoka zake na simu yake mbovu.

Irène alipopata nguvu, akawaka. "Mama, nampigia sasa hivi yule mbwa!"

"Apana. Nyamaza, unisikilize."

Nikamwambia jambo. Hilo nalo mtaliona.

Kisha nikamgeukia Fatouma.

"Mwanangu, rudisha ile karatasi ndani."

"We mama! Nirudishe?!"

"Rudisha mulemule. Ila isiende mbali, niweze kuitoa mwenyewe na sindano."

Akaniangalia. Akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Irène, Mungu anisaidie nisiwe adui yako!"

Jumapili Rénovat akaja. Nikamkaangia ndagala tena, nikamtilia na pilipili anayoipenda.

"Irène anasemaje leo, shemeji?"

"Anakusalimia. Anasema mambo ya parsele yasichelewe."

"Mwambie hayatachelewa."

Nikamwongezea mchuzi...

Siku ya kuganduka ikafika. Uwanja ulijaa viti. Shefu wa kata yupo, wanakwaya wapo, na mzee Callixte, mkubwa wa ukoo, kakaa mbele. Rénovat alileta kreti za bia na fanta akazipanga mahali pa kuonekana. Kavaa suti. Chingamu mdomoni.

Mimi nilivaa imvutano yangu, vazi la sherehe la wanawake wa kwetu, kitambaa begani. Kwenye upindo wa kitambaa, sindano.

Akashika mikrofoni.

"Ndugu zangu, Irène wa marehemu kaka yangu hakuweza kufika. Amenituma niseme kwa kinywa chake kuhusu nyumba hii..."

Nikasimama.

"Shemeji, nisamehe nakukata neno. Tumsikilize mwenyewe kwanza. Odio zake ninazo."

Akacheka kwenye mikrofoni!

"Jamani, simu ya shemeji ni kiziwi, Carama yote inajua!"

Watu wakacheka.

"Basi ngoja niiponye," nikasema.

Nikachomoa sindano. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi kila siku. Kikatoka kile kidonge, nikakiinua juu kila mtu akione.

"Nani hapa anatafuna chingamu ya mnanaa?"

Taya la Rénovat likasimama.

Mwongoza sherehe akasogeza mikrofoni kwenye simu. Maspika yakanguruma:

"MAMA YAKO AMEKUKATAA, IRÈNE. USIKANYAGE BUJUMBURA!"

Mtu aliangusha kifuniko cha chupa, wote tukakisikia kinavyoviringika.

"Si mi!" Rénovat akapiga kelele. "Hiyo imetengenezwa na kompyuta! Siku hizi kompyuta inaiga sauti ya kila mutu!"

Na kweli, wazee wengine wakaanza kutikisa vichwa. Mambo hayo wanayasikia. Nilimwona anarudisha pumzi, anarekebisha tai...

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Akatoka mwanamke mwenye unga mikononi na mtoto mgongoni.

"Na mi je, baba mudogo? Na mi nimetengenezwa na kompyuta? Na huyu mgongoni kwangu je?"

Irène!!! Alifika kwa basi, akafichwa nyumbani kwa Fatouma, alfajiri akaingia jikoni kwangu kwa mlango wa nyuma!

Rénovat akarudi nyuma, akakalia kreti.

Mzee Callixte akasimama. Mkononi alikuwa na chupa aliyopewa na Rénovat, bado hajaifungua. Akatembea polepole, akairudisha kwenye kreti.

Jirani yake akarudisha ya kwake.

Halafu shefu wa kata. Halafu wanakwaya, mmoja mmoja. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyepiga. Lakini kwetu, watu wakikurudishia kinywaji chako mbele ya ukoo, bora wangekuchapa viboko.

"Nyumba ni ya mama huyu," mzee Callixte akatangaza. "Na baada yake ni ya Irène. Tunywe nini sasa tulithibitishe neno hili?"

"Kipo," nikasema.

Nilikuwa nimetengeneza pombe ya ndizi za migomba ya mume wangu, kimya kimya, ya kuwatosha wote. Nilijua kreti zitarudi zimefungwa!

Tukalinywea.

Rénovat alibeba kreti zake mwenyewe hadi barabarani. Hakuna aliyemshika mkono. Jasho lilimtoka mpaka suti ikabadilika rangi. Na mimi nilifurahi! Acheni nisiwadanganye. Nilisogeza kiti nione vizuri.

Mtu mmoja wa nyumbani kwake hakumfuata.

Orlane. Mke wake.

Ndiye aliyeninong'oneza kanisani.

"Nilimwona anaishindilia ile karatasi, mama," akaniambia, macho chini. "Tangu siku ile chakula hakinipiti."

Nikamkalisha karibu yangu, nikamimina, nikaonja kwanza, nikampa. Akanywa analia.

Wajukuu zangu, sikilizeni. Simu ikionyesha écouteurs na hakuna waya, mulika ndani ya tundu, ipeleke kwa fundi ukiwa umekaa hapohapo unaangalia. Lakini zaidi ya hapo, usimwachie mtu mmoja awe masikio yako. Atakayekusikilizia peke yake, kesho atakusemea peke yake. Na ukimsikia mwanao kanyamaza, mtafute mwenyewe, hata kwa miguu, kabla hujaamini maneno ya mtu mwingine.

Rénovat siku hizi ananitumia odio kila asubuhi. Anaomba msamaha.

Simu yangu inasikia vizuri kabisa.

Mimi ndiye bado sisikii.